Aliyelipa, Je, Hana Deni?

Mwezi wa Agosti mwaka 2022 nilikuwa mgeni wa siku tisa katika mji wa Leh, ulio katika nchi ya Ladakh, kaskazini kabisa mwa India. Katika siku hizo nilitenda makosa mawili. La kwanza liliniumiza mimi peke yangu, na watu walilicheka. La pili liliwaumiza wengine, wala hakuna aliyecheka. Nalo ndilo linalonifanya nishike kalamu, kwa kuwa limenitia katika swali ambalo sijalimaliza hata leo. Mtu akiisha kulipa fedha ya malazi na chakula chake, je, amemaliza deni lake kwa watu wa mahali pale, au liko deni jingine lisilolipika kwa fedha?

Najua msomaji ataniuliza kwanza mwalimu wa shule ya Rungwe alikuwa akitafuta nini katika milima ya Himalaya. Nilikuwa India kwa masomo ya ualimu. Tangu utoto nilikuwa nimelisikia jina la Leh kwa wazee wa kanisa letu, kwani Wamoravian walianza kazi mjini humo mwaka 1885, yaani miaka sita kabla wenzao hawajafika kwetu Rungwe, na mwaka 1904 mmisionari A. H. Francke alianza kupiga chapa huko gazeti dogo kwa ajili ya wenyeji. Basi likizo ilipofika nikaona heri nikauone mji huo kwa macho yangu, tena nitembee kwa miguu katika milima yake, maana mimi ni mtu nipendaye sana kutembea.

Nchi ile ni jangwa. Wasomaji wasidhani kwamba jangwa ni lazima liwe la joto, lenye mchanga na ngamia. Leh iko mita 3,500 hivi juu ya bahari. Kilele cha mlima wetu wa Rungwe hakifiki mita 3,000. Basi mji ule wote, pamoja na soko lake, misikiti yake, mahekalu ya Wabudha na jumba lake kuukuu la wafalme lenye orofa tisa, umekaa juu kupita kilele chetu. Milima mirefu iliyo upande wa kusini huyazuia mawingu ya mvua, hata mvua ya mwaka mzima ni milimita 100 hivi. Kwetu Tukuyu hunyesha zaidi ya milimita 2,000. Ukisimama mahali pa juu utaona milima ya rangi ya udongo, haina jani wala mti, na katikati yake kipande cha kijani kibichi kama kitambaa kilichoangushwa na mtu: mierebi, miti mirefu myembamba, mashamba ya shayiri na viazi. Kijani hicho chote hakikuletwa na mvua. Kimeletwa na theluji na barafu iyeyukayo juu milimani, ikashuka kwa vijito, ikagawanywa kwa mifereji iliyochimbwa kwa mikono ya watu.

Mvua yenyewe ikija kwa wingi ni msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Agosti mwaka 2010 ilinyesha kwa muda mfupi mvua ya nguvu ambayo nyumba zile za udongo hazikuzoea, matope yakashuka milimani, na watu zaidi ya mia mbili wakafa.

Sasa makosa yangu. La kwanza lilikuwa kiburi. Kila mgeni afikaye Leh kwa ndege huambiwa apumzike siku mbili asifanye neno lo lote, kwa sababu hewa ya huko ni nyembamba; katika kila pumzi mtu hupata kama theluthi mbili tu ya kile apatacho pwani. Mimi nikasema moyoni, Haya ni maneno ya kuwaambia watu wa bondeni. Mimi nimezaliwa mlimani. Alasiri ile ile nikapanda kwenda kwenye ngome iliyo juu ya mji. Nilifika. Nilipotazama chini, kichwa kilianza kugonga kama ngoma, nikatapika mbele ya watalii waliokuwa wakipiga picha, nikashushwa na kijana mmoja aliyenishika mkono kama ashikwavyo babu. Siku mbili zilizofuata nililala kitandani. Mama wa nyumba nilimokaa, ambaye huko huitwa kwa heshima Ama-le, aliniletea maji ya moto na supu ya shayiri, na kila alipoingia alicheka kidogo, akasema neno ambalo bintiye alinifasiria: “Mtu wa mlimani ameamka?”

Basi hilo limekwisha. Ila naliandika kwa kuwa lingenifundisha la pili kama ningekuwa na masikio. Nchi ile ina sheria zake, na mtu hapewi ruhusa ya kuzivuka kwa sababu ametoa fedha, au ametoka mbali, au kwao ni mtu hodari.

Siku ya sita nilikwenda kwa miguu mpaka kijiji cha Sabu na kurudi, njia kavu yenye vumbi jingi. Nyumba yetu ilikuwa pande za juu za mji, palipo bado na mashamba. Nilipokaribia nikauona mfereji mwembamba, upana wake kama dhiraa moja, maji yakipita safi tena baridi. Nikatwaa mawe matatu na bonge la majani, nikaziba, ili maji yajae mahali pa kuchovya miguu. Nikafua soksi na shati kwa sabuni, nikasafisha viatu. Maji yalipozuiwa yakajitafutia njia kando, yakamwagika mchangani. Sikuona neno. Kwetu maji yakimwagika, yamemwagika. Mbele yako kuna kijito kingine. Nikaondoka, na mawe nikayaacha pale pale.

Jioni, tulipokuwa tukila, akaja jirani. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi. Alisema na mzee wa nyumba, ambaye wamwita Aba-le, kwa sauti ya chini, na mzee akazidi kuinama. Binti yao, mwanafunzi wa chuo, ndiye aliyekuwa mkalimani wetu siku zote; safari hii alikaa kimya mpaka nilipomwomba mara ya pili. Ndipo nikajua. Zamu ya maji ya yule jirani ilikuwa kuanzia alasiri mpaka jua kuchwa. Alikuwa amefungua njia ya shamba lake la viazi, akaona maji yanapungua, yakawa uzi. Alipoufuata mfereji kwenda juu alikuta mawe yangu na povu la sabuni. Wakati ule jua lilikuwa limekwisha kuchwa, na zamu imepita kwa mtu mwingine.

Msomaji, nilifanya kama afanyavyo mtu wa siku hizi: nikatoa mkoba wangu. Nikasema, “Mwambie nitalipa hasara yake. Ni kiasi gani?” Yule jirani aliitazama fedha, akanitazama mimi, akasema maneno machache, akaenda zake. Nikauliza amesema nini. Binti akanijibu, “Anauliza fedha hiyo itamnunulia zamu ya nani. Zamu iliyofuata ni ya mjane wa nyumba ya chini.”

Nami nikatamka maneno ninayoyaonea haya mpaka leo. Nikasema, “Lakini mimi nimelipa hapa, kama wageni wote.” Binti hakumfasiria baba yake. Mzee hakuniuliza nimesema nini. Aliendelea kula, kisha akatoka nje na taa, nadhani kwenda kuyaondoa yale mawe.

Usiku ule nilianza kulifikiri jambo hili, na kwanza nilitafuta kujitetea. Hoja ya mtu aliyelipa si hoja ya kipumbavu. Mimi na Aba-le tulipatana bei. Naye alikuwa na hiari kukataa. Kwa fedha ya wageni alikuwa amejenga vyumba vinne na kumpeleka bintiye chuoni. Wazee wetu walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na yakini wenyeji wengi wa Leh wamepona kwa wageni. Mlango wa Ladakh ulifunguliwa kwa watalii mwaka 1974, na mwaka ule walifika mamia tu. Mwaka ule wa safari yangu, 2022, walifika zaidi ya laki tano katika nchi ile, na walio wengi kati yao hupita Leh, mji ambao hesabu ya watu ya mwaka 2011 iliukuta na watu elfu thelathini na kidogo. Vijana ambao zamani wangeondoka kutafuta kazi mbali sasa ni waongozaji, madereva na wapishi kwao. Anayesema wageni wakae makwao hajamwuliza mama mwenye watoto wa kusomesha. Tena Leh haikuanza jana kupokea wageni. Ilikuwa njia panda ya misafara, wafanya biashara wa Kashmir, Tibet na Yarkand wakikutana sokoni mwake.

Haya yote ni kweli. Walakini nikaona kwamba hayagusi kosa langu. Fedha yangu ilikuwa mapatano kati yangu na Aba-le. Naye Aba-le angeweza kuniuzia kilicho chake: kitanda, mkate, supu. Maji ya mfereji yale saa ile hayakuwa yake. Mtu hawezi kuuza asicho nacho, wala mimi siwezi kuwa nimenunua kisichouzwa. Huko vijijini zamani wamekuwa na mtu aitwaye churpon, yaani bwana wa maji, ambaye watu humchagua awagawie zamu na kuamua magomvi ya mfereji. Ndugu zetu Wachaga watalifahamu jambo hili upesi kupita sisi, kwa kuwa nao wana mifongo yao, na wazee wa mfongo, na siku za kila ukoo. Maji ya namna hii ni kama agano. Ukitwaa ndoo moja nje ya zamu, hukupunguza maji tu. Umelegeza fundo ambalo limewafunga watu pamoja miaka mingi. Wala aliyeaibika si mimi niliyeziba, kwa kuwa mimi ningeondoka baada ya siku tatu. Aliyeaibika ni Aba-le, ambaye atakutana na jirani yake kwenye mfereji ule mpaka afe. Hapo ile mithali nzuri ikageuzwa: mgeni alikuja, na mwenyeji akaugua.

Hilo ni jepesi kuliona, kwa sababu mawe yalikuwa matatu na mwenye kuyaweka anajulikana. Lililo gumu ni jingine.

Katika nyumba za zamani za Ladakh choo hakitumii maji hata tone. Ni chumba cha juu chenye tundu na chungu ya udongo. Mtu akiisha, husukuma udongo kwa koleo, na kila mwaka mbolea yake hupelekwa shambani. Mgeni atokaye mjini hukiona choo hiki akakunja uso. Hasemi neno baya, huuliza tu kwa adabu kama kuna choo cha maji. Mwenye nyumba, akiogopa mgeni asiende kwa jirani, hujenga choo cha maji. Kisha bafu ya maji ya moto. Mfereji na mabomba ya mji hayatoshi, basi huchimba kisima kirefu kwa mashine na kuvuta maji ya chini, ambayo hakuna churpon aliyeyagawa, wala macho ya mtu hayaoni yakipungua. Na maji machafu lazima yaende mahali, katika mji ambao haukuwa nayo tangu kuumbwa kwake.

Sasa ni nani aliyekosa? Mgeni aliuliza tu. Mwenyeji alijenga kwa riziki yake. Kila mmoja alitumia ndoo zake chache, tena zilizo halali kwa bei. Ukiwaita mahakamani mmoja mmoja, utawaachilia wote. Hata hivyo maji yanapungua. Tumezoea kufikiri kwamba penye dhara pana mkosaji, na mkosaji akionekana akatubu, jambo limekwisha. Hapa pana dhara, na mkosaji ni laki tano ya watu wema.

Nasi tusijidhani tuko mbali na jambo hili. Kwetu kila mtu ajua kwamba miti iliyo kwenye chemchemi haikatwi. Na kila mtu amekata mmoja. Ukimwuliza atakuambia, Wangu ulikuwa mdogo, na mkwe alikuwa mgonjwa, na kuni zilikuwa zimekwisha. Yote ni kweli, na chemchemi imekauka. Mimi naona kwamba neno “yangu ni moja tu” ndilo linalopaswa kutuamsha, kwa maana kila mmoja wetu aweza kulisema bila kusema uongo. Mtu na ajiulize, Je, ningependa kila afikaye hapa afanye kama mimi? Ikiwa jibu ni hapana, basi udogo wa tendo langu haunitetei.

Ng'ambo ya mto Indus, ukitazama kutoka Leh, uko mlima Stok Kangri, mita 6,153. Kwa miaka mingi ulipendwa sana na wapanda milima, kwa sababu mtu mwenye afya na mwongozaji aliweza kufika kileleni bila ufundi mwingi. Chini yake kuna kijiji cha Stok, ambacho hunywa na kumwagilia kwa maji yashukayo kutoka mlima huo huo, mahali ambapo mamia ya watu walipiga hema na kuacha taka na uchafu wao. Mwaka 2020 mlima ulifungwa, wapandaji wasiende, ili mlima na maji yake vipumzike. Na nilipofika ulikuwa ungali umefungwa.

Katika nyumba yetu alikuwamo mgeni mwingine, mtu wa Ulaya, mpole na msomi, ambaye jambo hili lilimchoma. Alisema ameweka akiba miaka mitatu, na yeye haachi hata kipande cha karatasi njiani. Kwa nini aadhibiwe kwa uchafu wa wengine? Nilimhurumia, nami namhurumia hata sasa. Lakini naona alikosea katika neno moja, “kuadhibiwa.” Mtu huadhibiwa akinyang'anywa kilicho chake. Miaka mitatu ya akiba ni yake, na umbali aliotembea ni wake, bali mlima haukupata kuwa wake hata siku moja. Hamu yetu, hata ikiwa safi, si hati ya kumiliki. Mimi nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa nami nilikuwa nimeutazama mlima ule kila asubuhi kupitia dirishani, nikiutamani. (Siku zile mioyo yetu wapandaji ilijaa mita. Juu ya njia ya Khardung La, kaskazini mwa Leh, kulikuwa na ubao uliotangaza urefu wa mita 5,602, na watu walipiga picha chini yake kwa furaha, ijapokuwa waliopima kwa vyombo vya kisasa wamekuta 5,359 tu. Hakuna niliyemwona aliyetaka kujua.)

Jambo moja zaidi kuhusu maji ya Leh lilinishangaza kupita yote. Wakulima wa huko huhitaji maji ya kwanza mwezi wa Aprili na wa Mei, wapandapo mbegu. Lakini barafu ya juu sana haiyeyuki vizuri mpaka Juni. Mhandisi mmoja mwenyeji, Chewang Norphel, tangu miaka ya 1980 alianza kuyazuia maji ya vijito wakati wa baridi katika mabwawa mapana ya mawe, mahali pa chini zaidi, yagande na kuyeyuka mapema. Baadaye mwalimu na mhandisi Sonam Wangchuk, kuanzia majira ya baridi ya 2013, alijaribu njia nyingine: maji huletwa kwa bomba kutoka juu, yakaruka hewani kwa nguvu ya mwinamo wake mwenyewe, bila mashine, na kwa baridi kali yakaganda yakawa kama mnara wa barafu. Kwa kuwa mnara huo ni mrefu na jua haliugusi mahali pengi, hudumu mpaka wakati wa kupanda. Binti wa nyumba yetu alikuwa amewahi kwenda na wanafunzi wenzake kushika bomba hizo usiku wa Januari, vidole vikifa ganzi. Nilipomsikia nikakumbuka shati langu. Maji ya nchi ile nilikuwa nimeyaona kuwa kitu cha Mungu kishukacho bure, kumbe hata katika hayo wamo watu waliosimama usiku katika baridi.

Asubuhi baada ya lile neno la aibu nilimwendea Aba-le, nikamwambia kwa kinywa cha bintiye kwamba nimekosa, na kwamba sijui la kufanya. Alifikiri kidogo. Akasema siku ile watu wa mfereji ule wanasafisha sehemu ya juu, na koleo liko nyuma ya mlango.

Sisi twasema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa nimekaa siku saba. Nikalichukua koleo, nikaenda. Walikuwako watu kumi na mmoja, na yule jirani miongoni mwao, na mjane wa nyumba ya chini pia. Nilitupa matope na changarawe nje ya mfereji kwa muda wa saa nne, lakini sitajisifu: kila baada ya kutupa mara tano nilisimama kutafuta pumzi, na mwanamke mzee aliyekuwa nyuma yangu alinipita, akafanya sehemu yake na nusu ya sehemu yangu. Walicheka kama walivyocheka nilipokuwa mgonjwa. Yule jirani hakucheka.

Saa sita tukaketi chini ya mierebi. Wakatoa chai ya chumvi na siagi, unga wa shayiri iliyokaangwa, na aprikoti kavu. Jirani alinipa konzi ya zile aprikoti bila kunitazama sana. Baada ya kitambo akaniuliza, binti akifasiri, kwetu ni nchi gani, na kama kuna maji. Nikamwambia kwetu kuna mvua nyingi, na vijito kila bonde. Akatikisa kichwa kwa mshangao, akamfasiria mjane, ambaye hakuwa amesikia vizuri. Kisha akanigeukia tena.

“Basi ninyi,” akasema, “mwayagawanyaje?”

Nikatafuna ile aprikoti polepole, nikitafuta jibu.